Kufuli, Komeo na Moto: Kuchagua Vifungio vya Milango ya Nyumba Bukoba na Muleba

Huenda msomaji akastaajabu kuona jarida la chuo cha tiba likizungumzia vitasa na makufuli, kazi ambayo kwa desturi ni ya seremala na mchomeleaji. Sababu yake ni rahisi kueleza. Mgonjwa anayefikishwa hospitalini akiwa ameungua au amevuta moshi mwingi huwa ameumia nyumbani, na mara nyingi uzito wa madhara yake hutegemea muda aliokaa ndani baada ya moto kuanza. Muda huo hupotea mlangoni. Aliyetoka katika dakika ya kwanza huja na kikohozi. Aliyetoka katika dakika ya tano huja amebebwa, kama atakuja. Tofauti kati ya watu hao wawili yaweza kuwa ufunguo mmoja uliosahauliwa chini ya mto.

Mkoa wa Kagera una kumbukumbu yake ya uchungu. Usiku wa kuamkia tarehe 14 Septemba 2020 moto uliteketeza bweni la Shule ya Msingi Byamungu Islamic, wilayani Kyerwa, na wanafunzi 10 walipoteza maisha. Kwa majirani zetu wa Kenya, Machi 1998, wasichana 26 waliangamia katika bweni la Bombolulu ambalo mlango wake ulikuwa umefungwa na madirisha yake yamezibwa kwa nondo. Na Machi 2001 wavulana 67 walifariki katika bweni la Kyanguli, Machakos, ambako mlango mmoja kati ya miwili ulikuwa umepigwa kufuli. Yote hayo yalikuwa mabweni, nayo hupata kuandikwa magazetini. Lakini vyuma vilivyowazuia watoto hao ni vile vile tunavyovipigilia majumbani mwetu: kufuli, nondo na geti.

Somo hili limeandikwa kwa ajili ya makundi mawili. La kwanza ni wahudumu wa afya wanaotembelea kaya, hasa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao huingia katika nyumba nyingi kuliko fundi yeyote. La pili ni wagonjwa na wanaowauguza, kwa kuwa mtu asiyeweza kukimbia humtegemea mlango zaidi kuliko mtu mzima wa afya. Halimtaki mtu yeyote aache mlango wazi kwa hofu ya moto. Wezi wapo, na mwenye nyumba anayewaogopa hakosei.

Moshi hufanya nini kabla ya moto kufika

Wengi hudhani kwamba aliyefariki katika nyumba iliyoungua ameuawa na ndimi za moto. Mara nyingi moshi huwa umemaliza kazi mapema. Godoro la sponji, pazia la nailoni na viti vya plastiki vinapoungua hutoa moshi mzito mweusi uliojaa hewa ya kaboni monoksidi, na sponji huongeza juu yake sianidi ya haidrojeni. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu. Ikiingia mapafuni hushikamana na hemoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200, hata damu ikawa inazunguka mwilini bila kubeba kile kinachohitajiwa na ubongo. Mtu huanza kwa kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu; kisha viungo hulegea na akili huvurugika. Sianidi nayo huzizuia chembe hai za mwili zisitumie hata ile oksijeni kidogo iliyozifikia.

Sasa tumtazame mtu huyo mbele ya mlango wake. Ameamka ghafula, taa hazipo, macho yanatiririka machozi. Mbele yake pana mlango wa mbao, na nyuma ya mlango huo geti la nondo lililofungwa kwa kufuli linaloning'inia upande wa ndani. Ufunguo umo katika kishada chenye funguo tano. Anatakiwa achague mmoja, aupapase tundu lake dogo chini ya kufuli, auzungushe, alitoe kufuli katika pete zake, kisha avute komeo lililoshika kutu. Mtu mwenye afya, mchana, hufanya hayo kwa nusu dakika. Yule ambaye damu yake imekwisha kuvamiwa na kaboni monoksidi huangusha funguo, akainama kuzitafuta, na hainuki. Chumba chenye godoro la sponji na mapazia chaweza kushika moto chote kwa dakika 3 hadi 5 tu.

Jambo la pili la kuzingatia ni kwamba moshi wa moto hupanda juu, na hewa iliyo nafuu hubaki karibu na sakafu. Kwa hiyo komeo lililowekwa juu kabisa ya mlango, ambalo mafundi wengi hulipenda, lina kasoro mbili kwa pamoja: mtoto halifikii, na mtu mzima hulazimika kusimama na kuingiza kichwa chake ndani ya moshi ili alifungue.

Hapa inafaa kutaja hatari moja ambayo kitasa bora hakiwezi kuitibu. Bukoba ni miongoni mwa miji yenye mvua nyingi kuliko mingine nchini, na usiku wa mvua wako watu wanaoingiza jiko la mkaa chumbani ili kupata joto, kisha wakafunga mlango na dirisha. Mkaa unaowaka taratibu hutoa kaboni monoksidi bila moshi wa kuonekana. Aliyelala haamki akautafuta mlango. Jiko la mkaa libaki nje, hata likionekana kuwa limebaki majivu matupu.

Nyumba za kwetu

Msonge wa Kihaya, uliojengwa kwa miti na kuezekwa nyasi hadi karibu na ardhi katikati ya kibanja cha migomba, ulikuwa chakula cha moto kwa sababu ya nyasi zake. Lakini mlango wake haukuwa na ufunguo. Leo vijiji vya Kamachumu, Nshamba na Rubya vimejaa nyumba za matofali na bati, madirisha yenye nondo, na milango miwili kwa kila tundu: wa mbao na wa chuma. Msimu wa kahawa ukifika na fedha zikaingia, mwizi naye huwa anayo kalenda. Hali ni hiyo hiyo kwa mvuvi wa dagaa anayelala na mauzo yake ya wiki chini ya kitanda. Tumejenga ngome, na ngome haichagui ni nani wa kumzuia.

Nyumba za kupanga za mjini Bukoba, zile za Kashai au Hamugembe, zina shida yake ya pekee. Katikati hupita ukumbi mmoja, vyumba vikiwa huku na huku, mlango wa mbele na wa nyuma. Saa nne usiku mpangaji mmoja, kwa kawaida yule mwangalifu kuliko wote, hupiga kufuli milango yote miwili kwa ndani na kwenda kulala na funguo. Kaya sita zimelala, na wokovu wao wote umo mfukoni mwa suruali iliyotundikwa katika chumba cha mtu mmoja. Moto ukianzia katika chumba hicho, au akiwa amelewa, au amekwenda msibani na kusahau kuukabidhi ufunguo kwa mwenzake, waliosalia hawana njia. Kwa maoni ya mwandishi, hii ndiyo hatari kubwa kuliko zote zinazozungumzwa katika somo hili, na ndiyo nafuu kuliko zote kuiondoa, kama itakavyoonekana hapa chini.

Katika visiwa vya Muleba, kama vile Goziba, Bumbire na Ikuza, kambi za wavuvi ni vibanda vya miti, mabati, turubai na nyasi, vimebanana, na petroli ya injini za mitumbwi huhifadhiwa humo humo. Huko kuta zenyewe zaweza kubomolewa kwa teke, hivyo mlango si kikwazo kikubwa. La muhimu ni kwamba dumu la petroli lisiwekwe kati ya kitanda na mlango wa pekee wa kibanda.

Mwizi huingia kwa njia gani

Watu hununua kufuli kubwa wakidhani mwizi atakaa nalo akilichokonoa kwa ustadi. Mwizi wa kawaida hana subira hiyo. Huupiga mlango teke, au huuchomeka mtaimbo kati ya ubao na mwimo, na kinachoshindwa kwanza huwa ni mbao iliyoshika kitasa, si kitasa chenyewe. Mlango wa mvule au mninga uliopachikwa katika miimo ya mbao laini isiyokauka ni sawa na kufuli la chuma lililofungwa kwa uzi. Anayetaka usalama na aanze hapo: miimo iwe ya mbao ngumu iliyokauka au ya chuma kilichoshikiliwa na zege, bapa la chuma linalopokea ulimi wa kitasa liwe nene na lishikwe kwa skrubu ndefu zinazopita fremu hadi ukutani, za milimita 75 hivi, badala ya zile fupi zinazouzwa pamoja na kitasa, bawaba ziwe tatu, na kama mlango hufungukia nje, pini za bawaba zisiweze kung'olewa na mtu aliye nje.

Marekebisho hayo yote humzuia mwizi, na hakuna hata moja linalomchelewesha aliye ndani. Huo ndio msingi wa somo zima. Ugumu wote wa mlango uelekezwe nje, na wepesi wote uelekezwe ndani. Mwenye nyumba anayeongeza kufuli la tatu kwa ndani huku mwimo wake ukiwa umeliwa na mchwa amejifunga mwenyewe, na mwizi hajamfunga.

Mbao isiyokauka ina balaa jingine katika hali ya hewa ya ziwani. Masika yakija hunyonya unyevu na kuvimba, na mlango ukawa haufunguki mpaka uvutwe kwa mikono miwili. Na wakazi wa Bukoba hawajasahau Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko la kipimo cha 5.9 lilipobomoa nyumba na kuua watu mkoani. Nyumba nyingi zilizobaki zimesimama zilipata nyufa, na ukuta unaposogea kidogo tu fremu huenda upande na ulimi wa kitasa hukaza katika tundu lake. Mlango unaohitaji kuinuliwa au kusukumwa kwa bega ili ufunguke ni mlango mbovu, hata kama wenyeji wameshauzoea. Mgeni aliyelala usiku mmoja hajui siri hiyo, wala mtoto hana bega la kuusukumia.

Vifungio kimoja kimoja

Kabla ya kuvitazama, tutofautishe kazi mbili ambazo watu huzichanganya. Kufunga nyumba unapoondoka ni kazi moja. Kufunga nyumba unapolala ni kazi nyingine. Unapoondoka hakuna mtu ndani wa kuokolewa, hivyo kifungio chaweza kudai ufunguo bila madhara. Unapolala, kifungio kisidai ufunguo. Kifaa kimoja chaweza kufanya kazi zote mbili, lakini si lazima.

Kufuli ni kifaa cha kuondokea. Chagua lenye upinde mnene wa chuma kigumu, na pete zake ziwe zimechomelewa au zimeshikwa kwa bolti zilizopita upande wa pili, kwa kuwa pete iliyopigiliwa misumari hung'oka hata kama kufuli ni la bei kubwa. Usiku lisitumike ndani kabisa. Pia, wewe ukiwa ndani, lipachike na ulifunge katika pete yake ya nje ili mtu mwenye nia mbaya asiweze kukufungia. Tabia hiyo ndogo haina gharama, na wazee wengi wa mjini wanayo tayari.

Komeo la chuma la kusukuma ndilo kifaa cha kulalia ambacho mwandishi angekipendekeza kwanza kwa kaya yenye kipato kidogo. Halina ufunguo wa kupotea. Mikono hulijua gizani. Likiwa nene, likiingia ndani ya mwimo imara kwa sentimita kadhaa, humshinda mwizi kuliko vitasa vingi vya bei nafuu. Sharti ni mahali linapowekwa: usawa wa kiuno cha mtu mzima, kama sentimita 90 hadi 110 kutoka sakafuni, ambapo mtoto wa shule hulifikia na mtu anayetambaa hunyoosha mkono akalipata. Makomeo yasizidi mawili katika mlango mmoja. Yapakwe mafuta, yasishike kutu.

Kitasa cha ufunguo kinachozama ndani ya ubao kimeenea sana, na wengi hukifunga usiku kwa kuzungusha ufunguo kwa ndani kisha wakauchomoa. Kama ndicho pekee ulicho nacho, kibaya zaidi ni huko kuuchomoa. Kilicho bora ni kitasa cha silinda ambacho upande wa nje hupokea ufunguo na upande wa ndani kina kishikizo cha kuzungusha kwa vidole. Kwa nje ni kigumu, kwa ndani ni robo ya mzunguko. Kiulizie kwa wauza vifaa vya ujenzi ukieleza hivyo hivyo; na uangalie kisiwe cha aina inayodai ufunguo pande zote mbili, kwa maana kwa macho vinafanana. Kishikizo hicho kina udhaifu mmoja: mlango ukiwa na kioo, au dirisha likiwa ubavuni pake, mwizi huvunja kioo, akaingiza mkono, akakizungusha. Dawa yake ni wavu wa chuma juu ya kioo hicho, au kuhamisha kitasa kifike mbali kuliko urefu wa mkono. Watu wengine hutatua tatizo hilo kwa kurudia kitasa cha funguo mbili, nao hutibu homa kwa kumfukuza mgonjwa.

Geti la nondo liongezwe tu pale lilipo na haja, na likiwepo, lifungwe kwa komeo lililofunikwa kwa bamba la chuma upande wa nje ili mkono wa mwizi usilifikie kupitia kati ya nondo. Mchomeleaji yeyote anaweza kutengeneza bamba hilo kwa vipande vya chuma chakavu. Hapo kufuli la ndani halina kazi tena.

Na katika nyumba ya kupanga? Makomeo mawili, moja kwa kila mlango wa ukumbi, yasiyo na ufunguo, badala ya makufuli mawili na mlinzi mmoja wa funguo. Anayechelewa kurudi atagonga na kufunguliwa, jambo ambalo huleta kero kidogo na maneno ya hapa na pale. Wapangaji wajadiliane na mwenye nyumba, na wayapime maneno hayo dhidi ya kaya sita zisizo na njia ya kutokea.

Iwapo kwa sasa hakuna fedha ya kubadilisha chochote, ufunguo wa usiku uwe na mahali pamoja pasipobadilika: msumari ulio karibu na mlango huo huo, chini kiasi cha mtoto kuufikia, mbali na dirisha, na ufungwe kitambaa cheupe. Ufunguo huo uwe peke yake, usiwe katika kishada. Kila anayelala katika nyumba hiyo, akiwemo mgeni wa usiku mmoja, aonyeshwe.

Madirisha

Nondo za dirisha hazipaswi kuondolewa zote. Kila chumba cha kulala kisicho na mlango wa kutokea nje moja kwa moja kiwe na dirisha moja ambalo fremu yake ya nondo imefungwa kwa bawaba upande mmoja na komeo la ndani upande wa pili, lifunguke bila ufunguo, kwa upana wa kumpitisha mtu mzima. Komeo hilo nalo lifichwe kwa bamba. Wakati wa kujenga, gharama ya ziada ni ndogo. Baada ya nondo kuzikwa katika saruji, ni kazi ya msumeno na nyundo, lakini bado yawezekana.

Chandarua hutandazwa karibu na dirisha na kitanda, na huko Muleba, wilaya ambayo vyandarua vyenye dawa vimefanyiwa utafiti mkubwa uliosomwa duniani kote, chandarua ni kinga ya uhai. Kisiachwe. Kinachopaswa kuachwa ni kibatari au mshumaa ndani yake au kando yake, kwa sababu nyuzi zake huyeyuka na kuwaka upesi. Tochi au taa ndogo ya jua ifanye kazi hiyo, na ikae mahali ambapo mkono huifikia kabla ya kutoka kitandani.

Waliofungiwa kwa nje

Yote yaliyotangulia humhusu mtu anayeweza kujifungulia. Wako wasioweza, na kuwazungumzia kunataka uangalifu, kwa kuwa anayewafungia ni mtu anayewapenda.

Mama anayekwenda sokoni alfajiri humfungia mtoto wa miaka mitatu na mwenzake wa miaka mitano ndani, akipiga kufuli nje, ili wasitoke barabarani au wasiende ziwani. Hofu yake ni ya kweli. Ziwa huua watoto. Lakini ndani amewaachia jiko lenye makaa, kiberiti juu ya meza na mlango usio na namna yoyote ya kufunguka. Mhudumu wa afya anayemkuta mama huyo asimkaripie. Amsaidie kumtaja jirani: nani kati ya majirani hubaki nyumbani saa hizo? Mtoto akipelekwa kwa jirani, tatizo limekwisha. Ikishindikana kabisa siku hiyo, moto wote uzimwe na kutolewa nje, viberiti viondolewe, na ufunguo wa kufuli akabidhiwe mtu aliye umbali wa kusikia kilio. Jambo hili la mwisho ni afadhali tu, wala lisihesabiwe kuwa ni salama.

Ndugu mwenye maradhi ya akili, au mzee aliyepoteza kumbukumbu na ambaye hutoka usiku akapotea migombani, naye hufungiwa. Familia hufanya hivyo baada ya kuchoka, na mara nyingi baada ya kumtafuta usiku kucha mara kadhaa. Njia ya kwanza ni tiba: mgonjwa anayetangatanga kwa sababu dawa zimekwisha anahitaji dawa, na kliniki ya afya ya akili ndiyo ya kuanzia. Wakati hilo linashughulikiwa, badala ya kufuli wekeni kengele ndogo au makopo mlangoni yatakayowaamsha akitoka, na mtu alale chumba cha jirani naye. Mwenye kifafa alale mbali na moto wa kuni na kibatari, na mlango wake usifungwe kwa ndani kabisa, kwa kuwa akipatwa na degedege wenzake lazima waweze kuingia.

Mhudumu anaweza kuyajua mengi kwa swali moja. "Shikamoo bibi. Usiku mkishalala, mlango hufungwa kwa nini, na ufunguo hukaa wapi?" Akijibiwa kwamba ufunguo hukaa kwa kijana na kijana hurudi usiku wa manane, amekwisha kuipata kaya ya kurudia wiki ijayo.

Somo kutoka ukumbi wa michezo

Wengine hudhani kwamba mlango mgumu nje na mwepesi ndani ni ndoto ya wataalamu. Tarehe 30 Desemba 1903 ukumbi wa Iroquois huko Chicago uliungua na kuua watu zaidi ya 600, wengi wao wakiwa wamesongamana mbele ya milango iliyofungwa au ambayo hawakujua namna ya kuifungua. Mfanyabiashara wa vifaa vya chuma aitwaye Carl Prinzler, ambaye alikusudia kwenda katika onyesho hilo akazuiwa na shughuli, hakuyasahau. Kwa kushirikiana na msanifu Henry DuPont alitengeneza nondo ya kusukuma inayokaa mlangoni kwa ndani: kwa nje mlango umefungwa imara, kwa ndani mwili ukiusukuma tu unafunguka. Kifaa hicho kilianza kuuzwa mwaka 1908, na leo kimo katika hospitali na mabweni duniani kote. Kwa nyumba ya kawaida si lazima. Kwa bweni, wodi na ukumbi wa ibada, ni vigumu kuona kisingizio cha kutokuwa nacho.

Mgonjwa akifika kituoni

Aliyeungua amwagiwe maji safi yanayotiririka, ya ubaridi wa kawaida, kwa dakika 20, kisha afunikwe kwa kitambaa safi na akingwe baridi. Dawa ya meno, mayai, udongo na mafuta ya kupikia visitumike. Nambari ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114, lakini katika vijiji vya mbali watu wajue kwamba saa ya kwanza ni yao wenyewe.

Mhudumu akimpokea mtu aliyetolewa katika chumba kilichofungwa, atafute masizi puani na mdomoni, nywele za pua zilizoungua, sauti iliyokauka na mlio wa koo anapovuta hewa. Dalili hizi huashiria njia ya hewa iliyoungua, ambayo yaweza kuvimba na kuziba saa chache baadaye, na rufaa isisubiri hali izidi. Asidanganywe na kipima oksijeni cha kidoleni: kifaa hicho hakitofautishi hemoglobini iliyobeba oksijeni na ile iliyobeba kaboni monoksidi, hivyo huweza kuonyesha asilimia 98 kwa mtu ambaye ubongo wake unakosa hewa. Historia ya kufungiwa moshini inatosha kumpa oksijeni kwa wingi kupitia barakoa yenye mfuko. Akivuta hewa ya kawaida tu, kaboni monoksidi hupungua kwa nusu katika saa 4 hadi 6. Akipewa oksijeni safi, katika saa 1 hadi 1 na nusu hivi. Maji ya mshipani kwa aliyeungua sehemu kubwa yahesabiwe tangu saa ya kuungua, si tangu saa ya kufika, na kinga ya pepopunda isisahauliwe. Katika fomu ya rufaa iandikwe pia mgonjwa alikwama kwa muda gani na ni kifungio gani kilichomkwamisha. Taarifa hiyo humsaidia daktari kukadiria moshi aliovuta, na humkumbusha mhudumu nini cha kuuliza katika nyumba za jirani.

Baki kuangalia milango ya kituo chenyewe. Zahanati nyingi zina geti la nondo kwenye wodi ya wazazi, na muuguzi wa zamu, akiwa peke yake usiku, hulipiga kufuli kwa sababu zinazoeleweka kabisa. Akina mama waliojifungua jana, wengine kwa upasuaji, wako ndani. Yeye huitwa chumba cha kujifungulia na funguo zikiwa katika mfuko wa koti lake. Geti hilo libadilishwe kuwa la komeo lenye bamba, na mpaka fundi atakapofika, ufunguo wa pili utundikwe ndani ya wodi karibu na geti, na muuguzi anayeingia zamu amwonyeshe kila mama mahali ulipo wakati ule ule anapomwonyesha choo.